Aliyeshika Usukani

Kabati la vyombo lilipong'oka ukutani na kuanguka, watu wote nyumbani waliruka isipokuwa mwenye nyumba. Mkewe, aliyekuwa mlangoni, alijikuta amepiga magoti bila kujua amefikaje sakafuni. Binti yao mdogo, ambaye kwa alama ya shavuni walimwita Kidoti, alijitosa chini ya meza akaziba masikio. Mpaka jirani alikuja dirishani kuuliza kama kuna usalama.

Mwenye nyumba, Kapteni, alikuwa mezani anamenya chungwa, na aliendelea kulimenya. Ganda halikukatika. Vipande vya sahani vilikuwa vimetapakaa mpaka miguuni pake, kimoja kimemchana kifundo, damu inateremka kuingia kwenye ndara. Alipomaliza kumenya alilikata chungwa, akampelekea mwanawe kipande kule chini ya meza, kisha akauliza ufagio umewekwa wapi.

Mkewe alikuwa mfamasia, mtu wa kuwatazama watu machoni kutwa nzima. Alijua kwamba kelele ikipasuka, kope hufunga zenyewe, haziombi ruhusa. Za mumewe hazikufunga. Aliliona hilo, akaliweka moyoni, akaenda kuchukua ufagio.

Asingeweza kulalamika, maana utulivu huo ndio uliokuwa umemtia mumewe magazetini. Muda si mrefu kabla ya hapo, ndege aliyokuwa akiirusha ilikuwa ndiyo kwanza inaiacha ardhi, magurudumu hayajakunjwa, kundi la korongo likamezwa na injini ya kulia. Abiria walisimulia kishindo kama lori limegonga ukuta, moto ukapita dirishani, ndege ikalalia ubavu, watu wakaanza kuagana na wenzao wa pembeni wasiowajua hata kwa sura. Halafu ikanyooka. Ikazunguka bila haraka, ikarudi uwanjani, ikatua kwa ulaini hivi kwamba mtoto mchanga wa kiti cha nyuma hakuamka. Kampuni ikampa Kapteni cheti na keki. Kazini wakaanza kumwita Barafu. Yeye alipoulizwa alijisikiaje, alijibu kwamba hakumbuki kujisikia lolote, na waandishi wakaandika kwamba ni mnyenyekevu.

Alikuwa anasema kweli. Hakujisikia lolote siku ile, na tangu siku ile hakujisikia lolote. Chakula alikula mpaka sahani inakwisha, lakini ukimwuliza kilikuwa kimeungwa na nini hana habari. Kidoti akimrukia mgongoni, alimbeba kama mtu anavyobeba begi. Alikuwa mpole kuliko zamani, hafoki, hasahau kitu, na nyumba ikapoa kama chumba ambacho hakilaliwi na mtu. Palikuwa na harufu pia. Mkewe alidhani ni waya unaungua, akamwita fundi umeme, fundi akafungua kila soketi asione kitu. Ilikuwa harufu ya manyoya yaliyoungua, na ilikuwa inakaa zaidi upande wake Kapteni wa kitanda.

Siku moja Kidoti alibanwa kidole na mlango wa gari. Mama yake alikuwa kazini. Kapteni alimfunga kidole vizuri, akamkimbiza zahanati kwa njia fupi kuliko zote, akajaza kila fomu iliyotakiwa, akamrudisha nyumbani. Daktari alimpigia mama wa mtoto simu kumsifu baba. Jioni mtoto alimwuliza mama yake kama baba anajua jina lake.

Mama akataka kujua kwa nini anauliza hivyo.

"Nilipokuwa nalia aliniambia, abiria tulieni," mtoto akasema. "Alisema kuna mtikisiko kidogo."

Mama akacheka kidogo, kwa sababu ilikuwa inachekesha. Halafu akaacha.

Kisha baba yake Kapteni akafariki. Simu ilipigwa asubuhi, Kapteni anafunga kamba za viatu. Alisikiliza, akasema sawa, akamaliza kufunga kiatu cha pili. Ni mkewe aliyekaa chini. Mazishi aliyaendesha yeye mwenyewe, na ndugu wote walikubaliana kwamba hawajapata kuona mazishi yaliyopangika namna ile: magari yalifika kwa wakati, viti vilitosha, mvua ilipotaka kunyesha turubai lilikuwa limeshatandwa. Kaka yake mkubwa, mtu wa maneno, alilia mpaka akashikiliwa. Kapteni alisimama kando ya kaburi mikono mgongoni, akitazama udongo unavyoingia kama anayetazama mizigo inavyopakiwa. Alipomwendea mama yake kumpa mkono, mama alimtazama usoni, akaupokea mkono, akauachia. Alisubiri mpaka mkwewe alipokuwa peke yake jikoni ndipo akamfuata na kumwambia kwa sauti ya chini, bila machozi wala hasira, kwamba yule aliyekuja naye siye aliyemzaa yeye, na kwamba hataki alale chini ya dari lake. Walirudi mjini jioni hiyohiyo.

Marubani wanaorusha ndege usiku hulala mchana. Alasiri moja baada ya mazishi mke alirudi mapema kutoka dukani kwake akaingia chumbani kuchukua miwani. Mapazia yalikuwa yamefungwa, na joto la nje halikuwa limeingia humo. Kulikuwa na ubaridi wa kabatini. Kapteni alikuwa ameketi kitandani, mgongo umenyooka, macho wazi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika kitu kisichokuwepo. Wa kulia ulikuwa unabonyeza hewa, taratibu, huku na huku, na ajabu ni kwamba kila kidole kiliposhuka ulisikika mlio mdogo, tik, kama swichi ya kweli inayokubali. Midomo yake ilikuwa ikitaja urefu unaopungua, futi mia tano, mia nne, mia tatu.

Mke alimwita kwa jina la mapenzi ambalo hakuna mwingine anayelijua. Vidole vikasimama. Kichwa kikageuka, kichwa peke yake.

"Mwenyewe amelala," kikasema.

Ilikuwa sauti ya mumewe na haikuwa na ubaya wowote ndani yake. Ilikuwa sauti ile anayowatangazia abiria kwamba nje kuna jua na safari itakuwa nzuri, na ni huo upole wake uliomfanya mke ashike fremu ya mlango kwa nyuma, harufu ya manyoya ikimjaa kooni, na akasikia mdomo wake mwenyewe ukiuliza, kwa adabu kama anayemwuliza mgeni aliyemkuta sebuleni, yeye ni nani.

"Niliambiwa nishike. Nikashika."

Macho yakarudi mbele. Mia mbili, mia moja. Mke alifunga mlango polepole, kama anayefunga chumba cha mgonjwa. Kidoti alikuwa kwa jirani. Alikwenda akamchukua, wakapanda teksi kwenda kwa dada yake, na humo garini akampigia rubani msaidizi.

Rubani msaidizi alikuwa dada wa miaka ishirini na kitu, aliyekaa kiti cha kulia siku ya korongo. Walikutana kwenye mgahawa wa hospitali, mahali ambapo hakuna anayeshangaa kumwona mtu anatetemeka. Alizungusha kikombe muda mrefu. Alisema kishindo kilipotokea yeye mwenyewe aligeuka gogo. Aliona dirisha limekuwa dogo kama tundu la bomba, na baadaye alipoambiwa kwamba kengele ya moto ililia muda wote ule, alibisha, kwa sababu hakuisikia kabisa. Ndiyo maana alikuwa hajamweleza mtu yeyote alichokiona. Mtu aliyeshtuka namna hiyo, macho yake nani atayaamini?

"Aliachia usukani, dada," akasema. "Mikono aliiweka mapajani. Akasema, 'Shika, yeyote shika.' Mimi nikanyoosha mkono, na usukani ulikuwa tayari unakwenda wenyewe. Halafu mikono yake ikainuka, ikaufuata."

Waliongozana kwa mkufunzi. Huyu alikuwa rubani mstaafu mwenye tumbo na utani, aliyeendesha mashine ya mazoezi ya kampuni: chumba kilichosimama juu ya miguu ya chuma inayopanda na kushuka, ndani yake viti, swichi na taa kama za ndege ya kweli, madirisha yake yakiwa picha. Humo ndimo marubani hupewa moto, dhoruba na injini kufa, ili wakikutana na hayo angani yasiwe mageni. Mke alitarajia kuchekwa. Mkufunzi hakucheka. Alifunga mlango wa ofisi akawaeleza kwamba katika maisha yake yote ya kufundisha hajaona mtu asiyeganda. Ukimshtua binadamu, akili yake hutoka nje kidogo. Mikono huvuta kinyume, masikio hufa, na hata hodari hukaa bubu kwa muda ambao chini ni mfupi lakini juu ni mrefu sana. Kinachofundishwa si kutoshtuka. Ni kukubali kwamba umeshtuka, kuegemea kiti, kuvuta pumzi, kutaja kwa sauti unachokiona, ndipo uguse kitu. Sasa Kapteni alikuja kupimwa juzi, naye mkufunzi akampangia injini iwake moto.

"Aliuzima kabla sijabonyeza," akasema. "Nilikuwa nimeinua kidole tu, na yeye kanipa mgongo."

Hakuwa ameandika hilo popote. Aliwaambia yuko mkunga mmoja, shemeji yake, anayewasaidia watu waliopandwa na mambo, na wasimdharau kwa kuwa anapenda mzaha.

Mkunga alikuwa mwanamke mnene wa makamo mwenye saa kubwa ya mkononi. Alimsikiliza mke, rubani msaidizi na shemeji yake, akauliza maneno yaleyale ya kwenye ndege yarudiwe neno kwa neno. Kisha akasema wako majini ambao makao yao ni pale watu wanapoogopa sana. Hawana uadui na mtu. Hawaingii ila wakiitwa, lakini mwito wenyewe huwa mdogo tu, na wakishaingia hawana habari ya kuondoka, kama mgeni aliyeambiwa jisikie nyumbani akajisikia kweli. Huyu kapewa usukani kwa mdomo wa mwenyewe. Hapigwi wala hafukizwi. Mwenyewe lazima aamke adai chake, na taabu ni kwamba kila penye hatari, jini ndiye anayekuwa macho.

"Basi msimpe hatari," akasema. "Mpeni safari isiyo na kitu kabisa. Asinzie yeye, aamke mwenzake."

Mke akauliza, mwenzake akiamka, wamwambie nini.

"Mpe lolote ambalo huyu mwingine alimpokelea. Alimpokelea nini?"

Mke hakuhitaji kufikiri.

Kapteni aliitwa kwenye mazoezi ya kawaida, akaja. Alimwona mkewe na mwanamke asiyemfahamu ndani ya mashine, akawasalimia vizuri, hakuuliza. Mkunga, ambaye alikiri kwamba hata ngazi ya umeme hajapata kuipanda, alimwuliza mkufunzi mara kadhaa kama kidude hiki hakitoki ardhini. Alipohakikishiwa kwamba hakitoki, akauliza basi hii mikanda ya nini, akajifunga miwili. Kila mtu akavaa vifaa vya masikioni. Mkufunzi akawapa anga jeupe.

Waliruka. Hakikutokea kitu. Wingu halikuwepo, upepo haukuwepo, chini palikuwa na bahari ya picha isiyo na mwisho wala meli. Rubani msaidizi alisoma vipimo, Kapteni akaitikia. Muda ukaenda mpaka mgongo wa mke ukaanza kuuma. Mkunga alipiga miayo. Harufu ya manyoya ilikuwa nzito mwanzoni, ikaanza kupungua kama moshi wa jiko lililoachwa, na mikono ya Kapteni, ambayo kwa miezi yote hiyo ilikuwa imetulia kama mikono ya sanamu, ikaanza kufanya vitu vidogo visivyo na maana. Ikakuna goti, ikavuta kola ya shati. Akajinyoosha. Akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyeamka kwenye basi na hajui amefika wapi, akageuza shingo, akamwona mkewe.

"Mbona uko huku?" akauliza. Sauti ilikuwa na mikwaruzo. Ilikuwa sauti yake.

Mkunga akamgusa mke mgongoni.

"Baba amefariki," mke akasema. "Baba yako."

Alimtazama mkewe, na mkewe akaona kope zake zikipiga, zikapiga tena, uso ukapauka, mdomo ukabaki wazi, na mikono ikaachia usukani ikaanguka mapajani. Chumba kizima kikainama mbele, bahari ya picha ikaanza kupanda dirishani, kengele ikalia, ikafuatia nyingine, sauti ya mashine ikawa inaamuru inua, inua, na rubani msaidizi aliyekatazwa asiguse chochote akashika magoti yake mwenyewe kwa nguvu, na harufu ile ikarudi kwa mkupuo mmoja kama mtu amefungua tanuri lililojaa mabawa, baridi ikapanda kutoka sakafuni mpaka meno ya mkunga yakagongana katikati ya dua, na katika masikio ya wote watano, karibu kuliko kengele zote, ikaja sauti ile ya upole, sauti ya jua la nje na safari njema, ikiuliza kama mhudumu anayeuliza maji au chai.

"Na hili nikushikie?"

Mke alimwona Kapteni anavyotaka. Aliona shingo yake ikilegea kuelekea ile sauti, kama mtu mwenye usingizi anayeonyeshwa mto, na hakumlaumu, kwa sababu yeye mwenyewe, kwa kitambo hicho kifupi, alitamani mtu aje amshikie kila kitu: kifo, nyumba ile ya baridi, maswali ya mtoto. Bahari ilikuwa imejaa dirisha zima. Kisha akamwona mumewe akisogea nyuma mpaka mgongo ukagusa kiti. Akavuta pumzi, ikakatika katikati, akavuta nyingine.

"Naona pua iko chini," akasema. Alikuwa analia. "Naona maji. Naona mikono yangu inatetemeka."

"Nikushikie?"

"Hapana. Nimeshika mwenyewe."

Akashika. Alivuta vibaya, kwa pupa, kulia zaidi kuliko kushoto, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Kwa miezi mingi mikono hiyo ilikuwa haijafanya kosa hata moja, na sasa ilifanya yote kwa pamoja, na ndege ya picha ikagonga bahari ya picha kwa kishindo kilichowatupa wote kwenye mikanda. Dirisha likawa jekundu. Halafu jeusi. Kengele zikazima moja baada ya nyingine, na katika ukimya uliobaki ilisikika swichi moja, mahali fulani juu ya vichwa vyao, tik, na ubaridi ukatoka chumbani.

Mkufunzi aliwasha taa. Alisema kwamba hajapata kufurahi hivyo kuona mtu anaanguka. Hakuna aliyecheka, lakini mkunga alifungua mikanda yake yote miwili.

Kapteni alikuwa ameinamia usukani.

"Lini?" akauliza.

Mkewe akamwambia.

"Nani alimzika?"

Hapo mke alimshika bega tu. Bega lilikuwa na jasho.

Kampuni ilimpa likizo ndefu. Alirudi kuwa mtu wa kufoka na kusahau, na Kidoti alisema chai yake sasa inamwagika ovyo, jambo lililomfurahisha mtoto huyo kuliko alivyoweza kueleza. Kama angerusha ndege tena au asingerusha, hilo lilikuwa bado halijaamuliwa. Usingizini alipiga makelele. Mkewe alimwamsha, akamsikiliza, akamwacha alale tena.

Siku ya kwanza aliyojiona anaweza kuendesha gari, alikwenda kwa mama yake peke yake. Mama alikuwa uani anaanika nguo. Alimwona anashuka, akaendelea kuanika mpaka beseni likaisha, ndipo akaketi kwenye benchi la ukutani na kumwachia nafasi.

"Umechelewa," akasema.

"Nimechelewa, mama."

Walikaa. Nguo zilidondosha maji. Kapteni alijaribu kusema mambo mawili matatu kuhusu kilichompata, akayaacha, kwa sababu mama alionyesha kuyajua au kutoyahitaji. Mwishowe akamwomba amweleze baba alikufaje, tangu mwanzo, kama anayemweleza mtu ambaye hakuwepo.

Mama akaanza na asubuhi ile: baba alivyoamka akalalamika miguu inamwaka, alivyoomba uji mwepesi, alivyouliza yule rubani wake yuko nchi gani leo. Hapo Kapteni akaegemea ukuta, akavuta pumzi, akainua mkono.

"Ngoja kidogo, mama."

Mama akangoja.